Usitie sahihi kifungu cha 4 kilivyo: jibu kwa mwalimu wa Kisauni

Swali: “Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Kisauni, na umri wangu ni miaka 34. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiandika riwaya ya vijana usiku, na sasa mchapishaji mmoja wa Nairobi ameikubali. Ameniletea mkataba wa kurasa tisa na kuniomba niurudishe na sahihi katika muda wa wiki mbili. Mrabaha, yaani malipo yangu kwa kila nakala itakayouzwa, ni asilimia 10 ya mapato halisi. Kifungu cha 4 kinasema ninampa hakimiliki yote, kote duniani, kwa muda wote wa hakimiliki. Kifungu cha 11 kinanifunga nimpelekee yeye kwanza kila mswada nitakaouandika, na cha 13 kinanitaka ninunue nakala 200. Bibi mmoja katika riwaya huzungumza Kimvita, lahaja ya Mombasa, na kila sura hufunguliwa kwa ubeti wa Muyaka, mshairi wa zamani wa Mombasa, au mistari ya taarabu. Naogopa nikiuliza mengi wataniacha. Je, niombe mrabaha wa asilimia 15, au nitie sahihi tu?”

Mwalimu, baada ya salamu na pongezi, niruhusu nianze na hofu yako, maana hiyo ndiyo iliyowagharimu waandishi wengi ninaowajua kuliko ujanja wowote wa wachapishaji. Kabla ya kurudi nyumbani Mombasa nilifanya kazi ya uhariri Nairobi kwa miaka mingi, na mikataba kama wako ilipita mikononi mwangu. Mswada unapofikia hatua ya mkataba huwa umekwisha kusomwa na wasomaji wawili au watatu waliolipwa, watu wa mauzo wameulizwa kama utauzika, na makadirio ya gharama za chapa yameandikwa. Kampuni iliyokwisha kutumia muda na fedha kiasi hicho haiutupi mswada kwa sababu mwandishi ameandika barua ya adabu yenye maswali manne. Ulicholetewa ni rasimu, iliyoandikwa na wakili wao kwa kuwalinda wao, na hilo si kosa lao. Ndiyo kazi ya wakili. Nasi tuliokaa upande wa pili wa meza tulikuwa tukijua tangu mwanzo ni vifungu gani tungevilegeza pindi mwandishi akiuliza. Wengi hawakuuliza, wakaondoka na rasimu kama ilivyokuwa.

Kwa hiyo uliza. Ila swali la asilimia 15 lisiwe la kwanza, kwa sababu lililo kubwa katika karatasi zako ni kifungu cha 4.

Wewe unayeishi Mombasa unaijua nyumba isiyo na ardhi. Kule Majengo na katika mitaa mingine ya mji huu, mtu hujenga nyumba kwa fedha zake, akaiezeka, akalea watoto na wajukuu ndani yake, ilhali kiwanja ni cha mwingine, naye hulipa kodi ya kiwanja miaka nenda miaka rudi. Siku mwenye kiwanja akiamua kukiuza, mwenye nyumba hubaki na mabati na milango yake. Sasa tazama kitabu chako. Mwenye kiwanja ni wewe. Mchapishaji ndiye anayekuja kujenga: atamlipa mhariri, mchoraji wa jalada na mpiga chapa, atasafirisha vitabu na kuvitafutia maduka, na ni haki yake avune faida ya jengo hilo kwa muda mtakaokubaliana. Lakini kifungu cha 4 hakimpi ruhusa ya kujenga. Kinamkabidhi hati ya kiwanja, na kukugeuza wewe kuwa mpangaji katika maneno yako mwenyewe.

Tofauti hiyo sheria inaitambua. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inatenganisha kuhamisha umiliki wa hakimiliki na kutoa leseni, yaani ruhusa ya kuitumia kazi huku umiliki ukibaki kwako, na inasema kwamba uhamisho, pamoja na leseni ya kipekee inayompa mmoja tu ruhusa hiyo, hauna nguvu mpaka uwe kwa maandishi yaliyotiwa sahihi na anayetoa haki au anayemwakilisha. Maana yake kwako leo ni kwamba barua pepe zenu za furaha na ahadi ulizotoa kwa simu hazijamhamishia mtu umiliki. Sheria hiyohiyo inaruhusu uhamisho uwekewe mipaka, ukahusu baadhi ya matumizi tu, sehemu ya muda tu, au nchi fulani tu. Basi mwandishi anayeomba mipaka haombi upendeleo.

Na muda huo ni mrefu kuliko unavyosikika. Hakimiliki ya kazi ya maandishi hapa Kenya hudumu katika uhai wote wa mwandishi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Una miaka 34. Mungu akikujalia kufika 80, kifungu cha 4 kitakuwa kimeitoa riwaya hii kwa miaka 96. Wajukuu wako watakuwa wazee, na watakaoamua kama hadithi ya bibi yule itafsiriwe, isomwe redioni au ifanywe filamu ni watu ambao hata hawajazaliwa.

Badala yake pendekeza leseni ya kipekee ya kuchapa na kuuza riwaya kwa Kiswahili, kama kitabu cha karatasi na cha kielektroniki, kwa miaka saba au kumi, katika nchi zitakazotajwa kwa majina. Kuhusu nchi, usikubali neno “duniani” bila kuuliza swali moja rahisi: mna nani Dar es Salaam, na mna nani Zanzibar? Wenzetu wanaoandika Kiingereza hawana soko la jirani kama letu. Kitabu cha Kiswahili kilichoandikwa Kisauni kinaweza kusomwa Tanga bila kubadilishwa hata nukta, na ikiwa mchapishaji wako hana wakala wala ghala ng’ambo ya mpaka, basi anakifungia Tanzania kabatini. Mpe Kenya na Uganda, na Tanzania mpe kwa sharti kwamba asipoanza kukiuza huko katika miaka miwili, haki ya nchi hiyo inarudi kwako. Tafsiri, filamu, tamthilia na usomaji wa sauti zibaki zako. Akisisitiza kuwa na uwezo wa kukutafutia mnunuzi wa haki hizo, mkubalie awe dalali, si mmiliki: kila mpango uje kwako kwa idhini ya maandishi, na sehemu kubwa ya malipo iwe yako. Mikataba mingi hugawa nusu kwa nusu. Kwa filamu mimi singekubali nusu.

Sasa mrabaha, ambao nitaueleza kwa hesabu kwa sababu hapa asilimia hudanganya macho. Tuseme kitabu kitauzwa dukani kwa shilingi 600, na duka linapewa punguzo la asilimia 35. Mchapishaji atapokea shilingi 390, na hayo ndiyo mapato halisi, kama hakuna gharama nyingine iliyoingizwa humo. Asilimia 10 ya bei ya dukani ni shilingi 60. Asilimia 10 ya mapato halisi ni shilingi 39. Hata ile asilimia 15 uliyotaka kuiomba, ikihesabiwa juu ya mapato halisi, ni shilingi 58 na senti 50, yaani bado haifiki asilimia 10 ya bei ya dukani. Kwa nakala 3,000 unazungumzia shilingi 180,000, 117,000 au 175,500. Kwa hiyo omba kwanza msingi ubadilishwe uwe bei ya dukani iliyotangazwa. Wakikataa, na huenda wakakataa, ndipo uombe asilimia 15, tena waandike maana ya “mapato halisi” kwa ukamilifu: ni bei ya dukani ukiondoa punguzo la duka na kodi ya mauzo tu; usafiri, matangazo na mishahara ya mawakala visiguse hesabu yako. Omba pia kiwango kiongezeke kwa ngazi, kwa mfano baada ya nakala 5,000, kwa kuwa gharama za uhariri na za kupanga kurasa huwa zimekwisha kurudi.

Kuna mstari mmoja ambao nakuomba uutafute kwa kidole, kwa kawaida huandikwa mwishoni mwa kifungu cha malipo, unaosema kwamba kwa “mauzo maalumu” au mauzo ya punguzo kubwa mrabaha utakuwa nusu. Kwa riwaya ya vijana mstari huu si mdogo. Kitabu kikiidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya na kununuliwa kwa wingi kwa ajili ya shule, mauzo hayo yatakuwa makubwa kuliko ya maduka yote ya Barabara ya Digo na Barabara ya Moi yakijumlishwa, na bei yake huwa imebanwa. Ukikubali nusu hapo, umekubali nusu mahali penye fedha. Taka iandikwe kwamba punguzo la mrabaha litaanza pale tu bei itakaposhuka chini ya nusu ya bei ya dukani, na kwamba ununuzi wa shule hauhesabiwi kuwa mauzo maalumu.

Malipo yakija, yatakuja yamekatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, ambayo ndiyo ya mrabaha kwa mkazi wa Kenya. Omba cheti chake kila mara, kwa kuwa kiasi hicho huhesabiwa unapowasilisha ritani yako ya mwaka.

Taarifa za mauzo nazo zinahitaji maneno yao. Nimeshika taarifa za waandishi zilizokuwa na mistari mitatu tu: jina la kitabu, jumla ya fedha, kodi. Mwandishi hawezi kuiuliza karatasi hiyo swali lolote. Taka taarifa mara mbili kwa mwaka, yenye idadi ya nakala zilizochapwa, zilizouzwa, zilizorudishwa na maduka, zilizotolewa bure na zilizobaki ghalani. Ukijumlisha nne za mwisho, na zilizorudishwa zikiwa zimekwisha kuondolewa katika mauzo bila kuhesabiwa tena ghalani, lazima upate ya kwanza, na isipofanana una la kuuliza. Ongeza haki ya kumtuma mhasibu akague vitabu vya hesabu mara moja kwa mwaka, gharama ikiwa juu yako isipokuwa akigundua upungufu unaozidi asilimia 5.

Nakuja kwenye kifungu ambacho katika rasimu yako sikukiona kabisa, nacho ni cha kurudi kwa haki. Hapa naomba unisikilize kwa yaliyonifika. Mkusanyiko wangu wa kwanza wa hadithi niliutia sahihi nikiwa kijana, chini ya mkataba uliosema haki zingerudi kwangu “kitabu kitakapoisha sokoni”. Baada ya miaka mitano nilizunguka maduka ya Mombasa na sikupata hata nakala moja. Wauzaji waliniambia wameagiza mara mbili bila kujibiwa. Nikaandika kuomba haki zangu ili nikichape upya. Jibu lilikuja kwa karatasi yenye nembo, sentensi mbili: kitabu bado kipo sokoni, kwa kuwa nakala 37 zipo ghalani. Barua hiyo ninayo mpaka leo. Nakala 37 zilizofunikwa turubai zilitosha kukishikilia kitabu kwa miaka mingine saba, na hakuna aliyevunja mkataba, maana mkataba haukusema kuisha ni nini.

Siku hizi neno hilo limezidi kuwa hatari. Kitabu kikiwekwa katika intaneti kama faili, au kikiweza kuchapwa nakala moja moja kwa kila anayeagiza, hakiishi kamwe. Kwa hiyo kipimo kisiwe kuwapo kwa kitabu, kiwe kuuzwa kwake. Andika hivi: “Ikiwa katika miezi 12 mfululizo nakala zilizouzwa za aina zote hazifiki 100, mwandishi anaweza kutoa notisi ya maandishi, na baada ya siku 90 haki zote zitarudi kwake bila malipo.” Ongeza kwamba zitarudi pia ikiwa kitabu hakitatoka katika miezi 18 tangu siku ya sahihi, ikiwa mrabaha utachelewa zaidi ya siku 90 baada ya kukumbushwa, na ikiwa kampuni itafilisika. Ukipata kifungu hiki, hata makosa mengine katika mkataba huwa na mwisho.

Kuhusu lugha ya bibi yako, nimefurahi kuisoma, na naihofia. Mhariri makini wa Nairobi, kwa nia njema kabisa, atakutana na “mtele” na kuandika “mchele”, atakutana na “ndia” na kuandika “njia”, na kufika ukurasa wa mia bibi wa Kimvita atakuwa anasema kama mtangazaji wa habari. Sheria inakupa haki ya kutambuliwa kuwa mwandishi na ya kupinga upotoshaji wa kazi yako unaodhuru heshima au sifa yako, na haki hizo huwezi kumhamishia mtu ukiwa hai. Lakini kubishana kama “mchele” umedhuru heshima yako ni safari ndefu ya mahakamani ambayo hakuna haja ya kuianza. Andika ndani ya mkataba kwamba mazungumzo ya Kimvita ni ya makusudi, kwamba hakuna badiliko la maana litakalofanywa bila idhini yako, na kwamba utasoma na kupitisha kurasa za mwisho kabla hazijapelekwa kwa mpiga chapa.

Beti na nyimbo zinahusiana na kifungu cha 9, ambamo unathibitisha kwamba kila kitu kitabuni ni chako na kwamba utalipa gharama za madai yoyote. Muyaka bin Haji alifariki mnamo 1840, na beti zake ni huru kutumiwa. Jihadhari tu na umezinakili wapi: dibaji, maelezo na tafsiri za wahariri waliokuja baadaye huweza kuwa na hakimiliki yao, kwa hiyo chukua ubeti wenyewe na uache maelezo. Taarabu ni jambo jingine. Mwimbaji tunayemjua mara nyingi siye mtunzi wa maneno, na haki iko kwa mtunzi, au kwa warithi wake kwa miaka 50 baada yake. Mistari miwili katika wimbo mfupi ni sehemu kubwa ya wimbo. Watafute, hapa Mombasa mtu hakosi kujua jamaa wa fulani wanakaa wapi, uwaombe idhini kwa maandishi. Usipowapata, ondoa mistari hiyo na uandike yako. Kisha omba neno “yoyote” katika kifungu cha 9 libadilishwe, ili uwajibike tu kwa madai yaliyothibitishwa mahakamani, na kwa kiasi kisichozidi ulicholipwa.

Kifungu cha 11 kinaweza kubaki kikipunguzwa: mswada mmoja tu ujao, wa riwaya ya vijana tu, watoe jibu katika siku 60, na wasipokubaliana nawe uwe huru kwenda popote kwa masharti yoyote. Kifungu cha 13 kifutwe. Mchapishaji anayekuuzia nakala 200 kwa lazima amekugeuza mteja wake wa kwanza, na kwa punguzo la duka la asilimia 35 ungelipa shilingi 78,000 kabla hujapokea hata senti ya mrabaha. Kuwa na haki ya kununua kwa punguzo ni sawa. Kulazimishwa si sawa.

Jambo moja zaidi, dogo kwa maandishi lakini zito. Ukurasa wa kwanza unaiita riwaya yako “kazi iliyoagizwa na kampuni”. Hukuagizwa na mtu. Uliiandika usiku nyumbani kwako, nje ya kazi ya ualimu. Kisheria, hakimiliki ya kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Ukipigania kifungu cha 4 na kuacha maneno hayo, wanaweza kudai hakimiliki kupitia mlango huo wa nyuma. Yafutwe.

Ukiwaandikia, usipeleke malalamiko wala usirudishe mkataba uliojaa wino mwekundu. Waombe rasimu katika faili inayoweza kuhaririwa, uandike barua ya ukurasa mmoja ya kuwashukuru na kueleza kwamba una hamu ya kufanya kazi nao, kisha utaje vifungu na maneno unayopendekeza badala yake, ukianza na cha 4, kile kipya cha kurudi kwa haki, na maana ya mapato halisi. Hayo matatu usiyaache. Ngazi za mrabaha, idadi ya taarifa na muda wa siku 60 ndivyo vya kulegeza wakikubana, maana nao lazima waondoke mezani na kitu. Mwambie mhariri kwamba wiki mbili hazitoshi na kwamba utajibu katika wiki nne. Sijapata kuona mswada uliokataliwa kwa hilo. Katika muda huo sajili riwaya kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Hakimiliki huzaliwa pale kazi inapoandikwa, usajili si sharti lake, ila cheti ni ushahidi mzuri pakitokea ubishi. Na rasimu ya mwisho mpe wakili aisome kabla ya sahihi. Zipo ofisi nyingi Barabara ya Nkrumah, na saa moja ya wakili ni nafuu kuliko miaka 96.

Wakijibu, nitumie kifungu cha 4 na hicho cha kurudi kwa haki jinsi watakavyokuwa wameviandika upya, neno kwa neno, nami nitavisoma siku hiyohiyo.